Mkono wa Angelos

Wengi hudhani ya kuwa wachoraji wa ikoni, zile picha takatifu za Wayunani, hawakutia majina yao kamwe. Ni kweli kwamba nyingi hazina jina la mchoraji. Jina litakiwalo juu ya ikoni ni la mtakatifu mwenyewe, maana kwalo mwenye kusali ajua yu mbele ya nani. Lakini wako waliojitaja.

Katika monasteri ya Sinai ziko ikoni mbili za mwanzo wa karne ya 13, moja ya Musa, moja ya Eliya. Mchoraji, Stefano, aliandika jina lake pamoja na maombi, kwa Kiyunani na kwa Kiarabu, akitaka msamaha wa dhambi. Kwetu sisi huyu ni mtu apigaye magoti katika pembe ya kazi yake. Huko Ohrid, yapata mwaka wa 1295, Mikaeli na Eutikio waliyaficha majina yao katika panga na mavazi ya watakatifu waliowachora ukutani. Twadhani walitaka kufichwa na kuonekana pamoja, na nani asiyeijua hamu hiyo?

Ila tumkumbukaye zaidi ni Angelos Akotantos wa mji wa Candia, katika kisiwa cha Krete, kile ambacho Paulo alimwacha Tito. Siku hizo Krete ilitawaliwa na Venezia, na ikoni zilinunuliwa na Wayunani na Walatini vilevile. Yeye aliandika maneno machache tu: "Mkono wa Angelos." Hakujiita mwenye picha, alikitaja kiungo kilichotumika. Hata hivyo mnunuzi aliyeyasoma alijua anunua kazi ya nani, wala hatuoni haya kusema kwamba unyenyekevu na biashara vilikaa hapo pamoja.

Mwaka wa 1436, alipokuwa tayari kusafiri kwenda Konstantinopoli, aliandika wasia. Mkewe alikuwa mja mzito. Akaagiza kwamba mtoto akiwa mwanamume, akajifunza kusoma na kuchora, apewe michoro ya kazi ya baba yake. La sivyo, iwe ya Yohana, nduguye Angelos. Michoro hiyo ilikuwa hazina, kwa kuwa kwayo sura ya mtakatifu ilihamishwa ubaoni bila kugeuka. Angelos alikufa yapata mwaka wa 1450. Mwaka wa 1477 Yohana akauza michoro 54 kwa mchoraji mwingine, naye katika ikoni zake aliandika: "Mkono wa Andreas Ritzos."