Kumuuliza Fundi Si Kumtukana



Juma hili tunataka kuzungumza juu ya paa la nyumba, na zaidi juu ya mtu tunayempa kazi ya kulipandisha. Hapa kwetu Bukavu kiangazi kinaanza Juni na kinaisha na Agosti. Mvua inarudi Septemba, na inakaa nasi mpaka Mei. Kwa hiyo miezi mizuri ya kutengeneza paa ni mitatu tu, na katika miezi hiyo kila fundi ana haraka na kila mama ana haraka. Haraka hiyo ndiyo inatufanya tutoe avansi kabla ya kujua tunampa nani.

Tukienda soko la Kadutu kununua maharagwe, tunaingiza mkono ndani ya gunia mpaka chini. Tunatazama kama ya chini yanafanana na ya juu, tunauma moja, tunauliza yametoka wapi. Muuzaji hakasiriki, anajua ni kawaida. Lakini kwa paa, ambalo linakula feza ya miaka, tunasikia haya. Tunasema: "Ni mtoto wa kanisa," au "Ni ndugu ya jirani," na maneno yanaishia hapo.

Mwaka uliopita kikundi chetu cha MUSO kililazimika kushinda haya hiyo. Tuko wamama 22. Mwenzetu mmoja ni mjane mwenye watoto watano, na mabati ya nyumba yake yalikuwa yameliwa na kutu. Siku za mvua watoto walikuja shuleni na madaftari yaliyolowa, na sisi tunaofundisha tulikuwa tukiyaanika dirishani. Tulipatana kumkopesha feza ya mabati, mbao na fundi, naye arudishe kwa miezi 18. Feza ile haikuwa ya mtu mmoja. Ndani yake mulikuwa faida ya sambaza, ya unga wa muhogo, ya kushona, na kidogo cha mshahara wa walimu. Kama fundi angekimbia nayo, mjane angebaki na deni na nyumba wazi, na sisi tungefika Septemba, mwezi wa kununua uniforme na madaftari, na sanduku tupu.

Hatukuwa tunaogopa bure. Mama mmoja wa kikundi jirani alikuwa amelipa nusu ya feza kwa mtu aliyekuja na mita mkononi na maneno matamu. Mtu yule alishusha mabati ya zamani, akasema anaenda kutafuta mbao, na hakurudi. Mama alilala na watoto chini ya shitingi kwa wiki sita. Alipotaka kumshitaki, hakujua jina lake lote wala avenyu anapokaa.

Basi tulikata shauri: hakuna franga inayotoka kabla hatujamjua fundi. Tulipata majina matatu. Wa kwanza alikuwa na ofisi ndogo na kartasi nyingi. Wa pili alikuwa seremala mzee kidogo, asiye na ofisi. Wa tatu alikuwa shemeji ya mjane, mdogo wa marehemu bwana yake. Tutarudi kwake, maana ndipo shida ilipokuwa.

Kwanza, kartasi. Fundi wa kwanza alileta bahasha safi: karte yake ya mchaguzi, patente, na namba ya RCCM. Wengi wetu tukiona mihuri tunanyamaza, lakini kila kartasi ina neno lake, na haisemi zaidi ya hapo. Karte ya mchaguzi inasema mtu ni nani. Patente inasema anaruhusiwa kufanya biashara ndogo. RCCM ni daftari la biashara linalofuata sheria za OHADA, ambazo inchi yetu iliingia mwaka 2012. Ndani ya namba hiyo kuna herufi: A ni ya mtu binafsi, B ni ya kampuni. Mama yeyote anaweza kunakili namba hiyo na kwenda kuuliza kwenye grefe ya tribinali ya biashara kama ni ya kweli, na kama jina ni lile lile lililo kwenye karte.

Wawili kati yetu walienda kuuliza. Namba ilikuwa ya kweli. Lakini kazi iliyoandikwa ilikuwa kuuza vitu vya kujengea, haikuwa kujenga. Mtu yule hakudanganya, ila tulielewa ya kwamba angechukua vijana wa kutwa na kuwapandisha juu ya nyumba ya mwenzetu, na vijana wale hatukuwajua hata kidogo. Tulipomwomba nyumba alizopiga mabati, alitufungulia telefone na kutuonyesha picha nzuri. Tulimwambia: "Papa fundi, picha haina avenyu. Tupeleke tuone." Alisema nyumba zile ziko Goma. Tulimshukuru, tukaagana vizuri.

Kuna kartasi ya namna nyingine, inayosema mtu amejifunza kazi. Wengine wana diplome ya shule ya ufundi. Wengine wamefuata mafunzo ya INPP, taasisi ya serikali inayofundisha kazi za mikono tangu 1964, nayo ipo hata hapa Bukavu. Kartasi kama hiyo ni nzuri, na mahali ilipotolewa wanaweza kusema kama mtu alipita pale kweli. Seremala mzee alikuwa na moja, imekunjwa mara nne, na tuliiuliza, nayo ilikuwa yake. Lakini sisi walimu tunajua jambo moja juu ya diplome: mtoto akisema alimaliza kujifunza kugawanya, tunamwamini, kisha tunampa chaki. Fundi naye apewe chaki yake, na chaki ya fundi wa paa ni nyumba za watu aliokwisha kuwafanyia kazi.

Tulimwomba atuonyeshe nyumba tatu: moja ya mwaka huu, moja iliyopita misimu miwili ya mvua au zaidi, na moja ambayo paa lilipata shida na yeye aliitwa kurudi. Hii ya tatu ndiyo ya maana kuliko zote. Kila fundi aliyefanya kazi miaka mingi amewahi kuitwa kurudi. Anayesema hajaitwa hata mara moja, ama kazi yake ni chache, ama hapatikani akiitwa.

Tulienda bila yeye, saa ya jua kali, tukaongea na mama wa nyumba, kwani ndiye anayejua ndoo inawekwa wapi usiku. Tuliingia, tukafunga mlango na dirisha, tukatazama juu. Mahali jua linapopenya kama nukta, mvua nayo inapenya. Tulitazama misumari: inapigwa juu ya mgongo wa wimbi la bati, si bondeni, sababu maji yanapita bondeni. Tulitazama mahali mabati yanapolaliana: pembeni, mawimbi mawili yafunikane, bati la juu lilalie la chini sentimita 15 au 20. Tulitazama kama sharpanti imefungwa na ukuta kwa waya nzito au chuma. Juu ya vilima vyetu upepo unaingia chini ya mabati na kuyainua, na paa lisilofungwa linaondoka pamoja na mbao zake.

Katika nyumba ya tatu, mama alituambia paa lilivuja karibu na ukuta wa jirani. Alimpigia fundi simu, alikuja siku ya tatu, akatoa mabati mawili, akayapanga upya, hakuomba feza. Neno la mama huyu lilitusaidia kuliko mihuri yote.

Kisha tulimwita, tukamuuliza maswali ambayo kila mama anaweza kuuliza hata kama hajawahi kushika nyundo. Utachagua bati gani, na kwa nini? Tulijua ya kwamba namba ya BG ikipanda, bati linakuwa jembamba: BG 28 ni nene kuliko BG 30, na BG 30 ni nene kuliko BG 32. Alitueleza hivyo hivyo, akasema kwa feza yetu tuchukue BG 30 na kupunguza urembo wa mbele ya nyumba. Mbao gani? Akasema mikaratusi iliyokauka, maana mbao mbichi zinajipinda na kung'oa misumari. Utaanza kupanga mabati upande gani? Akasema upande ambao upepo wa mvua hautoki, ili mlaliano uupe upepo mgongo. Hakutafuta maneno.

Sasa shemeji. Yeye alikuja kwenye kikao chetu na kusimama mlangoni. Alisema: "Nyumba ile ni ya kaka yangu. Munaniuliza mimi kama mwizi?" Mjane aliinamisha kichwa. Wote tulijua ni kwa nini. Mama akifiwa na bwana, jamaa ya bwana wanabaki na sauti kubwa juu ya nyumba na watoto, na si rahisi kumfunga mlango mtu ambaye kesho utamhitaji kwenye ndoa ya binti yako. Baadhi yetu walinong'ona: tumpe tu, amani ni bora.

Mama mhazini wetu ndiye alijibu, kwa sauti ya chini: "Shemeji, tunakuheshimu. Lakini feza hii ni ya wamama 22. Swali tulilomuuliza mgeni, tunakuuliza na wewe. Tuonyeshe nyumba tatu." Alitaja moja, nayo ilikuwa jiko la kiwanja chake mwenyewe. Tulimwomba afanye kazi chini ya seremala mzee, kwa malipo ya msaidizi, apate na ujuzi. Alikataa, akaondoka bila kuaga.

Hatutaki kuwaficha: jambo hili lilituumiza, na lilimuumiza mjane zaidi. Lakini tujiulize, ni nani angelia kama paa lingevuja? Ndugu ya bwana anapofanya kazi vibaya, hakuna anayethubutu kumwita arudi, wala kumdai, wala kumpeleka kwa sefu wa avenyu. Kwa hiyo ndugu ndiye wa kuulizwa vizuri zaidi, na mapema, wakati maneno bado ni maneno tu.

Tulipompata fundi wetu, tuliandika mapatano kwa mkono, nakala mbili, mbele ya sefu wa avenyu. Tuliandika jina lake lote na anapokaa, hesabu ya mabati na BG yake, siku za kazi na bei. Mabati na mbao tulinunua sisi wenyewe na tukachunga faktire. Malipo ya mikono tuligawanya mara tatu: sehemu ya kwanza sharpanti inaposimama, ya pili mabati yakiisha kupigwa, ya tatu baada ya mvua kubwa ya kwanza. Fundi alicheka kidogo kwa hii ya tatu, lakini alikubali. Anayejua kazi yake haogopi mvua.

Wamama wengine wanadhani kartasi ya mkono haina nguvu. Sheria yetu ya mikataba, ya tarehe 30 Julai 1888, ingali inatumika, nayo inasema mapatano yaliyofanywa vizuri ni sheria kwa wale waliopatana. Tena inamfunga mjenzi aliyekubali kazi nzima kwa bei iliyokatwa: nyumba ikiharibika sababu ya ubaya wa kujenga, anaweza kudaiwa kwa muda wa miaka 10. Lakini miaka 10 hiyo haina faida kama hatujui mtu analala wapi. Ndiyo maana jina na avenyu vinaandikwa mbele ya bei.

Na kwa wale walioolewa: tangu sheria ya 15 Julai 2016 iliyobadilisha Kode ya Jamaa, saini ya mama haihitaji tena ruhusa ya bwana ili iwe na nguvu. Sheria inawaomba bibi na bwana wapatane juu ya mambo yanayowafunga. Basi mupatane nyumbani, na mama asiogope kuweka saini yake.

Mvua kubwa ilianguka katika juma la pili la Septemba, usiku. Asubuhi mjane alikuja kwa mhazini kuomba sehemu ya tatu ya fundi, na mhazini akatoa. Mpaka leo amekwisha kurudisha zaidi ya nusu ya deni. Shemeji bado hajaingia katika nyumba ile. Siku ya mwaka mpya mjane alimpelekea sahani ya chakula kwa mkono wa mtoto. Aliipokea, na sahani ilirudi imeoshwa. Tunangoja.

Wamama, Juni inakuja. Kabla ya kutoa avansi, kila kikundi kitume wawili wakaulize juu ya kartasi, na wengine wawili wakaketi na mama aliyekwisha kulala misimu miwili chini ya kazi ya fundi huyo. Fundi mwema atawaonyesha njia ya kufika huko yeye mwenyewe.