Kabla hujamnunulia mama simu nyingine

Mzazi mwenzangu, mama au baba yako akikwambia "simu yangu siku hizi haisomeki," usikimbilie dukani. Ichukue kwanza mkononi, fungua Mipangilio, ile ambayo wengi tunaiita setingi, uingie sehemu ya skrini. Wingi wa nukta za kioo ni jambo moja, ukubwa wa herufi ni jambo jingine, na watu wengi huyachanganya. Kwetu mkanganyiko huo ulikuwa unataka kutugharimu pesa, na kwa mama yangu ulikuwa umeshamgharimu siri zake.

Mama anaishi Muheza, ana miaka 67. Kila mwisho wa mwezi sisi watoto tunamtumia chochote kwenye simu. Kwa karibu mwaka mzima ujumbe wa pesa alikuwa anasomewa na kijana wa jirani, mtoto mwenye adabu zake, sina neno naye. Lakini ujumbe ule unaonyesha nani katuma, katuma kiasi gani na salio ni ngapi. Mtaa ukawa unajua. Wakopaji walikuwa wanafika uani kabla mama hajaenda kwa wakala. Zaidi ya hapo, ili kijana amsaidie kutoa pesa, mama alikuwa amempa na namba ya siri. Mtu mzima aliyelea watoto watano, leo akipokea hata elfu ishirini lazima mtu amjulie. Malalamiko hayo hakutuletea. Alisema tu simu imezeeka.

Fundi mmoja alishamwambia kioo kinakufa, alete Sh60,000. Kaka yangu naye akaja na lake: mama anunuliwe simu yenye resolusheni kubwa, ataona vizuri.

Tuelewane hapa. Resolusheni ni hesabu ya nukta ndogo ndogo za mwanga zinazojenga picha kwenye kioo. Simu nyingi za bei nafuu zina nukta 720 kwa upana na 1,600 kwa urefu. Zidisha, unapata 1,152,000. Nyingi za bei ya juu kidogo zina 1,080 kwa 2,400, yaani 2,592,000, zaidi ya mara mbili. Aliyewahi kukaa na wasusi wa mikeka ataelewa upesi. Mwaa mwembamba unatoa ua lenye kingo laini, mwaa mpana unatoa ua lenye meno, lakini ukubwa wa ua unaamuliwa na msusi. Kwenye simu ni vivyo hivyo. Nukta zikiongezeka herufi inakuwa nyororo, haiwi kubwa, kwa sababu ukubwa wa herufi unapangwa kivyake. Kaka angetoa laki kadhaa na mama angeendelea kukunja uso.

Ukitaka kujua ya simu yako, baadhi ya simu, hasa za bei kubwa, zinaionyesha palepale kwenye sehemu ya skrini, na hata zinakuruhusu kuipunguza ili chaji idumu. Nyingine hazionyeshi. Tazama boksi, au fungua "Kuhusu simu" upate jina kamili la toleo, ulitafute mtandaoni. Simu ya mama ilikuwa ile ya 720 kwa 1,600, na kwa kusoma ujumbe inatosha kabisa.

Nilipokwenda Muheza nilianza na mwanga. Mjukuu alikuwa amewasha kitufe cha kuokoa chaji, skrini ikafifia, na mama mchana hukaa nje chini ya mwembe. Nikakizima, nikaruhusu mwanga ujirekebishe wenyewe kulingana na mahali alipo. Kisha herufi: unavuta kidole kwenye mstari na mfano wa maandishi unakua mbele yako. Nilizipandisha hadi mwisho, na kwenye programu moja kitufe cha kuendelea kikasukumwa nje ya skrini, nikarudi hatua moja. Kuna mstari wa pili unaokuza kila kitu, alama na vitufe pamoja. Huo nao niliusogeza kidogo. WhatsApp ina kipimo chake chenyewe cha herufi, ndani ya mipangilio yake, upande wa mazungumzo.

Halafu kuna jambo ambalo sisi vijana hatulioni: muda wa skrini kuzima. Ya mama ilikuwa inazima baada ya sekunde 30. Yeye husoma polepole, akifika kwenye tarakimu anarudia, na katikati ya kurudia giza linaingia. Niliweka dakika 2. Nadhani nusu ya tatizo lilikuwa hapo.

Herufi kubwa si tiba, hilo nalo niliseme. Kuanzia miaka ya 40 hivi jicho hupungukiwa nguvu ya kuona vya karibu, ndiyo maana baadhi yenu mnasoma hapa mkiwa mmenyoosha mkono. Mzee anaweza pia kuwa na mtoto wa jicho. Mama alikwenda kupimwa, akapewa miwani ya kusomea. Kwa mtoto, kuwa makini zaidi: akiileta simu puani au akisogelea televisheni, usimkuzie herufi ukadhani umemaliza. Mpeleke apimwe. Asiyeona mbali haoni ubao, na mtoto hawezi kukwambia, maana anadhani kila mtu anaona kama yeye.

Kabla sijaondoka tulibadilisha namba ya siri. Nilimfikisha mama kwenye ukurasa wenyewe, nikageukia upande wa pili aandike. Alichukua muda wake. Kijana wa jirani bado anapita jioni. Anakuta uji, anakunywa, anaenda zake.