Tembo Mwenye Kichwa cha Boksi

Tembo wangu wa kwanza wa biashara alitoka na kichwa cha boksi. Sitanii. Ukimwangalia kwa juu unahesabu kona sita, kama nati ya baiskeli. Shingo ilimlalia begani kama abiria aliyesinzia kwenye daladala, na ukimminya tu, pamba nyeupe inachungulia katikati ya uzi.

Bumu lilikuwa halijatoka. Nilikuwa nimeshapokea kianzio cha shilingi 10,000 kutoka kwa dada mmoja wa mwaka wa tatu, aliyetaka zawadi ya mtoto wa kaka yake. Nusu ya hela ilienda kwenye uzi, nusu kwenye wali maharage. Alipomwona tembo alicheka kidogo, kisha akasema kwa upole, "Mdogo wangu, huyu siwezi kumpeleka kwa mtu." Akanipa siku nne: tembo wa kueleweka au hela yake irudi.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuongeza pamba. Niliona kichwa kikishiba kitakuwa cha mviringo. Kumbe pamba haitengenezi umbo, inajaza tu lile ulilofuma. Kona zikatuna zaidi na matundu yakapanuka.

Usiku ule nikampigia bibi, Njombe. Bibi amefuma vitambaa vya makochi tangu mama hajazaliwa, na ndiye anayeniongezea ada pale mkopo usipofika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula?"

Nikamweleza habari za tembo. Hakuuliza kichwa kikoje. Aliuliza, "Mzunguko wa tano una vitanzi vingapi?"

"Sijui, bibi."

"Basi hujui ulichofuma. Fumua." Halafu akauliza, "Na masomo?"

"Yanaenda vizuri," nikajibu haraka. Nilikuwa na sapu ya somo moja la hisabati, na matokeo yalikuwa na miezi miwili tangu yabandikwe.

Kufumua kunauma, jamani. Kazi ya siku tatu inarudi kuwa uzi uliokunjamana kama tambi. Lakini nilifumua taratibu huku nikihesabu, na makosa yakajitokeza moja moja.

La kwanza ni zile kona. Kichwa cha mdoli kinaanza na vitanzi 6, kisha kila mzunguko unaongeza 6: 12, 18, 24, 30, 36. Mimi nasoma ualimu wa hisabati na sikuwahi kujiuliza kwa nini 6. Mzingo wa duara huongezeka kwa 2π, yaani kama 6.28, kila nusukipenyo kinapoongezeka kwa 1. Kitanzi kifupi kina urefu na upana unaokaribiana, kwa hiyo 6 inatosha. Ukiongeza pungufu, duara linajikunja kama bakuli. Ukizidisha, kingo zinafanya mawimbi kama jani la saladi. Mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimiņa, wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, aliyatumia mawimbi hayo makusudi, akafuma kwa kroshia umbo la jiometri ya haipaboli. Yangu mimi yalikuwa bahati mbaya.

Idadi ya 6 ilikuwa sawa, ila nilikuwa naongeza palepale kila mzunguko, ongezeko juu ya ongezeko. Sehemu sita zikapandana zikawa kona sita. Dawa yake ni kuhamisha. Ukitoka 18 kwenda 24, kwa kawaida unafuma 2 kisha unaongeza, mara sita. Mzunguko huo uanze kwa kufuma 1, ongeza, halafu 2 na ongeza mara tano, umalizie na 1. Hesabu haibadiliki, lakini kona hazipati pa kukaa. Mzunguko unaofuata rudi kwenye utaratibu wa kawaida.

La pili, shingo. Mwili niliuishia kwenye vitanzi 18, kichwa kwenye 15, kwa sababu mahali fulani niliruka kitanzi cha kwanza cha mzunguko na sikuona. Nikashona kwa kulazimisha, upande mmoja ukavutwa. Sasa naweka pini kwenye kitanzi cha kwanza, naihamisha kila mzunguko, na nahesabu kabla ya kuendelea. Shingo naisindilia pamba mpaka iwe ngumu, kabla sijamaliza kushona.

La tatu, matundu. Nilitumia sindano ya milimita 4 kwa uzi mwembamba. Nikaazima ya 2.5 kwa jirani wa chumba cha pili, vitanzi vikabana. Pia nilikuwa nimemgeuza tembo nje ndani: upande wa nje ni ule wenye alama za V zilizopangana.

Miguu sikuishona moja kwa moja. Niliibana kwa pini, nikamkalisha tembo juu ya meza, akaanguka, nikasogeza, akakaa. Ndipo nikashona.

Siku ya nne nilimpeleka. Yule dada alimgeuza, akamminya, akamkalisha kwenye kiganja. Akanipa 15,000 iliyobaki na hakusema mengi. Kwangu ilitosha.

Jioni nikampigia bibi tena. Nilitaka kumweleza habari za tembo tu, lakini nikajikuta nasema, "Bibi, nina sapu." Kimya kikapita. Nilisubiri anigombeze kuhusu ada.

"Ulianza kupotea wiki ya ngapi?" akauliza.

Swali hilo sikuwa nimejiuliza. Muhula mzima nilikuwa nakariri pepa za nyuma, najaza pamba. Nikafikiri, nikamwambia wiki ya tatu, mada ya limiti, nilipokuwa naumwa na sikurudi nyuma kusoma.

"Haya," akasema. "Sasa angalau unajua pa kuanzia."

Sapu ni Septemba. Daftari la limiti liko mezani, pembeni yake kuna uzi wa kijivu wa tembo wa pili, mzunguko wa nne, vitanzi 24. Nimehesabu mara mbili.