Kila Mtu Alitaka Kuwa Rubani

Jioni ya tarehe 31 Mei 2019 mvua ilikuwa inanyesha Litein kama kawaida yake ya mwezi wa tano, na sisi wanne tulikuwa tumejibanza kwenye kibanda cha fundi wa simu, tukibishana kuhusu mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Siku hiyo Disneyland, kule Anaheim, California, walikuwa wanafungua sehemu mpya waliyoiita Star Wars: Galaxy's Edge. Kwao ilikuwa asubuhi. Kwetu giza lilikuwa linaingia, lori la kiwanda lilikuwa limechelewa kuja kuchukua majani, na bando ya Fundi ilikuwa inakaribia kuisha.

Niseme kwanza tulivyofika hapo. Tulikulia kwenye vibanda vya video: shilingi kumi mlangoni, benchi la mbao, na DJ Afro akitafsiri kila ngumi na kila busu kwa sauti ile yake. Siku moja, nikiwa darasa la saba, mwenye video aliweka Star Wars ile ya kwanza kabisa, ya 1977, bila DJ wa kuieleza. Wengi walidai pesa zao, wakatoka. Mimi nilibaki. Palikuwa na kijana wa shambani anayeishi na mjomba na shangazi yake. Anataka kwenda zake, na mjomba anamwambia ngoja, kaa msimu mmoja zaidi utusaidie kuvuna. Sikuhitaji kutafsiriwa. Nyumbani niliyasikia maneno hayo kila likizo.

Kwa hivyo miaka mingi baadaye, Disney walipotangaza kwamba wanajenga kituo kizima cha sayari ya kubuni iitwayo Batuu, ambamo mtu anaingia kwa miguu yake mwenyewe, sisi tulifuatilia kama watu wanaojengewa nyumba. Tulikuwa Fundi, Mwalimu, kijana mmoja wa boda, na mimi. Mama Chai, ambaye meza yake ya mandazi ilikuwa imepakana na kibanda, alikuwa akitusikiliza bila kutaka.

Ubishi wenyewe ulikuwa huu: ukifika kule na una pesa ya kitu kimoja tu, unapanda au unanunua?

Boda alianza kwa malalamiko. "Ekari kumi na nne," alisema, "na wamefungua kitu kimoja tu cha kupanda? Ekari kumi na nne ni chai ya boma ngapi hiyo?" Alikuwa na haki ya kulalamika. Siku ya ufunguzi palikuwa na Millennium Falcon: Smugglers Run peke yake. Kile kikubwa walichokuwa wakikitangaza, Rise of the Resistance, kilikuja kufunguliwa Florida Desemba na California Januari iliyofuata. Halafu wiki zile za mwanzo ulilazimika kuwa na nafasi uliyoiweka mapema, na ukishaingia unapewa saa nne tu.

Mwalimu, mtu wa Mogogosiek upande wa Bomet, hakujali. Yeye alikuwa wa kupanda. Alisema ukienda Mombasa unaenda kuogelea, huendi kununua mchanga. "Vitu vinaisha," alisema. "Ulichokiona hakuna wa kukunyang'anya."

Fundi akacheka. Yeye alikuwa wa kununua. Kule Batuu palikuwa na karakana ambapo unajitengenezea upanga wa mwanga kwa dola 199.99, unachagua mpini na vipande vyake, na moyo wa rangi unayotaka. Palikuwa na duka la pili la kuunda droidi, dola 99.99, unaokota kichwa na miguu kwenye mkanda unaopita mbele yako, unaviunganisha mwenyewe kisha unapewa na rimoti. "Kupanda ni dakika chache," Fundi alisema. "Ukishuka, umebaki na nini? Hadithi. Hadithi hata sisi tunazo hapa."

Nikatoa simu nikapiga hesabu, maana kwetu mambo yote hurudi kwenye kilo. Upanga mmoja ulikuwa zaidi ya shilingi elfu ishirini. Mkulima mdogo wakati huo alikuwa akilipwa shilingi kumi na kitu kwa kilo ya majani mabichi, kisha anangoja bonasi mwisho wa mwaka wa chai. Upanga mmoja, zaidi ya kilo elfu moja za majani. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, hadi yafike kilo elfu moja. Tulinyamaza kidogo. Halafu Boda akauliza kama rangi ya zambarau ipo.

Kuhusu maziwa hatukugombana. Batuu wanauza maziwa ya buluu, kama yale ya kwenye sinema, ila yametengenezwa kwa nazi na mchele, na glasi moja ilikuwa karibu dola nane. Mwalimu alisema kwa uchungu kabisa kwamba Wakipsigis wamekuwa wakinywa maziwa ya rangi ya aina hiyo tangu zamani, yanaitwa mursik, yana mkaa ndani na yanatoka kwenye kibuyu, na hakuna aliyewahi kupanga foleni.

Kilichotukosanisha kweli ni viti. Smugglers Run inabeba watu sita. Wawili mbele ni marubani: mmoja anapeleka chombo kushoto na kulia, mwingine juu na chini. Wawili wa katikati ni wapiga mizinga. Wawili wa nyuma ni mafundi, na kazi yao ni kubonyeza vitufe pembeni pale chombo kinapoharibika. Waliotoka huko walikuwa tayari wanalalamika kwamba fundi haoni kitu, kwa sababu muda wote amegeuza shingo kwenye vitufe wakati wenzake wanatazama nyota mbele.

Sote tulitaka kuwa marubani, isipokuwa Fundi. Alisema yeye angeomba kiti cha nyuma bila kulazimishwa. "Nyinyi mtagonga," alisema. "Mtagonga kila kitu. Mimi ndiye nitawarudisha nyumbani."

"Na mkigonga?" Mama Chai aliuliza ghafla. Ilikuwa mara ya kwanza anaingilia.

Nikamweleza kwamba mwishoni, yule maharamia mwenye kazi anawaambia mmeleta mzigo kiasi gani, na uharibifu mnakatwa kwenye malipo yenu.

Mama Chai alifuta meza yake polepole. "Kwa hiyo mnalipa pesa muende mkakatwe mshahara," alisema. "Si mngekuja tu kuchuma chai."

Tulicheka hadi Fundi akaangusha bisibisi. Akaongeza swali la pili, ambalo hatukulijibu: "Na hao wanaouza huko, wanaishi humo humo?"

Hawaishi humo. Lakini wanaigiza kwamba wanaishi. Wafanyakazi wa Batuu walifundishwa kuwa wenyeji: wakikuona wanakusalimia salamu ya sayari yao, na pesa zako wanaziita jina lingine. Bidhaa nyingi zilitengenezwa zifanane na vitu vya sokoni humo, bila jina la sinema kubandikwa juu yake. Usiku ule nilipofika nyumbani nilimfikiria mama yangu. Alikuwa mchumaji kwenye shamba moja kubwa, siku za kazi akilala kwenye nyumba za kampuni, Jumapili akirudi kwetu. Aliwahi kunisimulia jinsi magari ya watalii yanavyosimama kando ya barabara, na msimamizi anawaambia wainue vichwa, watabasamu, washike majani hivi. "Wanapiga picha, wananunua pakiti ya chai, wanaenda," alisema. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananieleza tu kazi yake ilivyo.

Mwaka huohuo, mwezi wa kumi, binamu yangu anayefanya kazi ya uuguzi Marekani alitupigia akasema anapeleka watoto Florida, ambako sehemu kama ile ilikuwa imefunguliwa Agosti. Angekuja nyumbani Krismasi. Akaniuliza: kitu kimoja, nikuletee nini?

Kibanda kizima kikarudi bungeni. Mwalimu alitaka niombe video tu ya safari ya Falcon, ili sote tuione. Boda alitaka upanga. Nilijua bei yake kwa kilo, nikaona aibu. Tukakubaliana droidi, nusu ya bei, na Fundi akafurahi kuliko mtu aliyezawadiwa, kwa sababu alijua siku moja itaharibika.

Ilifika Desemba ndani ya sanduku la kadibodi. Ilikuwa na kichwa cha mviringo, mwili mweupe na buluu, na ilipiga miluzi kama ndege aliyekasirika. Tuliiweka chini mbele ya nyumba yetu, watoto wa boma tatu wakiwa wamezunguka, nikabonyeza rimoti. Ilitembea kama hatua mbili za mtu mzima kisha ikakwama. Magurudumu yake madogo yalitengenezewa sakafu laini, na sisi tulikuwa na udongo mwekundu wa Kericho, tena baada ya mvua. Ndani ya nyumba ilikuwa vilevile, sakafu ya udongo yenye mabonde. Ilizungusha kichwa, ikapiga mluzi, ikabaki pale pale.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikapu. Akaitazama muda mrefu.

"Hii inachuma?" akauliza.

Watoto wakacheka. Mimi nilidhani ni mzaha, nikajibu hapana mama, hii ni ya kucheza tu. "Basi ni nzuri," akasema, akaingia ndani.

Haukuwa mzaha. Mashine za kuchuma zilikuwa mashambani tayari; wafanyakazi walikuwa wamegoma kwa sababu yake tangu 2010. Mimi nilizijua kama mtu anavyoijua barabara asiyoipita. Miaka yote niliyokuwa nikipenda roboti, nikijua majina yao na nani aliwahi kumiliki nani, sikuwahi kumuuliza mama yangu mashine ya kazini kwake inafananaje.

Nilikuja kuijua kwa mikono. Mama alipunguziwa siku, halafu akaambiwa hakuna siku, na miezi michache baadaye, shamba lilelile, walihitaji vijana wenye nguvu wa kushika mashine. Niliomba. Nilichukuliwa.

Mashine yetu ilikuwa ya kubebwa. Watu wawili wanaishika, mmoja kila upande wa mstari, inapita juu ya chai ikinguruma na kukata kila kitu, majani mawili na chipukizi na vijiti na majani ya zamani. Wa tatu anafuata nyuma, akibeba mfuko unaojaa. Mimi nilianzia kwenye mfuko. Siku ya kwanza, kichwa kimeinama, sioni mbele, natazama mfuko tu usikwame kwenye matawi, nikakumbuka viti vya Falcon nikacheka peke yangu. Wenzangu wakadhani ni moshi wa petroli. Asubuhi moja tulimaliza mistari ambayo mama na wenzake wangeichukua kutwa nzima. Nilijua, kwa sababu alikuwa amewahi kunionyesha sehemu yake: ile yenye mti wa mgrevilea uliopinda.

Sikumwambia kwamba tumepita pale. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama mfuko ni mzito.

Mei 2023 waandamanaji waliingia kwenye mashamba Kericho wakachoma mashine. Makabiliano na polisi yaliacha majeruhi na kifo. Jioni ile simu yangu ilijaa picha za moto, na nikaona kwenye kundi letu la zamani Boda ameandika kwamba waasi wameshinda. Mwalimu akamwambia afute. Fundi hakuandika kitu, alinipigia. "Uko salama?" akauliza, halafu baada ya kimya: "Na wewe sasa uko upande gani?"

Nilikuwa nimekaa jikoni na mama. Nilimwambia nataka kuacha. Alikuwa anapepeta mahindi, hakusimama. "Ukiacha, mwingine ataushika," alisema. "Na huyo hatanisaidia na chochote." Kisha akaniambia nile.

Sijaacha. Siku hizi nashika upande wa kulia. Mama anachuma kwa mkono kwenye nusu ekari yetu, anapeleka kituo cha majani mwenyewe, na mtu akimtajia habari ya kununua mashine ndogo ya nyumbani anabadilisha mazungumzo. Fundi na Mwalimu bado wanabishana, kupanda au kununua, na mimi bado nachangia, kwa sababu naipenda ile sayari na siwezi kujifanya siipendi. Ila kila nikisoma watu wakigombania kiti cha rubani, najikuta namtafuta aliyekaa nyuma. Namtafuta pia aliyekuwa akifanya kazi hiyo kabla kile chombo hakijaletwa.

Mwaka jana, kwa mshahara wa mashine, nilimwekea mama sakafu ya saruji. Ilipokauka, mtoto wa dada yangu alikumbuka droidi juu ya kabati. Fundi alikuwa ameitengeneza mara mbili. Tukaweka betri. Ilitembea sebule nzima bila kukwama, ikageuka kwenye mguu wa meza, ikarudi.

Mama alinyoosha mkono. Nilidhani anataka tuizime. Alitaka rimoti. Aliiendesha polepole hadi mlangoni, akaisimamisha kabla ya udongo kuanza, akairudisha kinyumenyume, ikagonga kikapu chake. Akacheka. Akajaribu tena.