Flapu Zikikwama

Keja yangu iko Embakasi, ghorofa ya sita. Ndege zinazoenda kutua JKIA hupita chini hadi unaona flapu zimeshuka nyuma ya mabawa. Hivyo ndivyo vipande vinavyolipa bawa nguvu ya kubeba ndege ikiwa imepunguza mwendo. Nilivisoma chuoni, kabla sijaacha.

Somo moja halijanitoka. Flapu za kushoto zikishuka na za kulia zikwame, bawa moja litabeba kuliko lingine na ndege inaweza kupinduka. Ndiyo maana Airbus A320 ina sensa zinazolinganisha pande zote mbili. Zikiona tofauti, breki zilizo karibu na ncha za mabawa hukamata, na flapu zinasimama hapo hapo. Rubani hawezi kuzifungua breki hizo akiwa hewani, kwa hivyo halazimishi. Anapiga hesabu upya, anatafuta uwanja wenye njia ndefu, anatua kwa kasi kuliko kawaida.

Tulifunzwa pia kuhusu Chicago. Tarehe 25 Mei 1979, DC-10 ya American Airlines iling'oka injini ya kushoto ikipaa. Mabomba ya haidroliki yakakatika, na slati, vile vipande vya mbele ya bawa, zikarudi ndani upande wa kushoto pekee. Hakukuwa na kufuli ya kuzishika. Watu 273 walikufa.

Mimi nililazimisha. Mwaka wa tatu karo ilinishinda, nikazuiwa kufanya mitihani, lakini kila Jumapili nilimwambia Mama masomo yako poa. Kwake nilikuwa injinia. Huku nilikuwa naandika matangazo ya sabuni, mia tatu kwa moja. Naye alikuwa akikopa kwa chama ili anitumie karo. Miezi minane.

Nilimpigia Jumanne, siku ambayo si yetu.

"Mama, niliacha shule."

Kimya. Nilisikia kuku wake.

"Tangu lini?"

"Januari."

"Na pesa ya chama?"

"Nililipia nyumba."

"Utairudisha," akasema, akakata simu.

Sijarudi chuo, na sidhani nitarudi. Lakini kila mwisho wa mwezi namtumia elfu mbili kwa M-Pesa. Huwa hanisalimu. Ananijibu neno moja tu: "Imefika."