Maandazi ya Ghorofa ya Tano

Saa kumi na moja alfajiri mama huamka kufagia ukumbi unaopita mbele ya milango yetu. Vigae vyake havina hata jani moja, maana miti yote iko chini, nasi tuko ghorofa ya tano. Lakini hufagia kwa ufagio wa chelewa, ameinama, kama alivyokuwa akifagia uwanja nilipokuwa mtoto. Nilimnunulia ufagio wa mpini mrefu. Anautumia kufukuzia paka.

Sisi ni watu wa Magomeni Kota. Kwa mtu wa Dar es Salaam jina hilo linajieleza; kwa msomaji wa mbali niseme tu kwamba Kota zilikuwa nyumba za safu zilizojengwa zama za mkoloni, na kwamba watu wa Magomeni tuna majivuno yetu. Mwalimu Nyerere alijenga kwetu, Mtaa wa Ifunda, na nyumba ile leo ni makumbusho. Wazee wetu walimsimulia kana kwamba aliwahi kuja kwao kuazima chumvi.

Nyumba yetu ilikuwa ndogo, imezeeka, na masika tulikuwa tukipanga ndoo sebuleni. Sitaki kuipamba. Ila ilikuwa na kibaraza, na kwenye kibaraza mama aliweka jiko la mkaa na karai. Makondakta, watoto wa shule na mafundi waliowahi kazini walipita pale kununua maandazi mawili mawili, wengine kwa kukopa. Baba alifariki mapema. Kibaraza kile ndicho kilichonisomesha.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 tukaambiwa tupishe, nyumba zivunjwe, zijengwe mpya. Siku ya kubomoa sikwenda, nilikuwa kazini, na hadi leo nashukuru. Mama alikwenda. Alirudi na kitasa cha mlango ndani ya mkoba, akakiweka juu ya kabati, hakusema neno.

Tulihamia Mbagala, chumba na sebule, kodi ya miezi sita mkononi kabla hujapewa ufunguo. Mama aliwasha jiko wiki ya kwanza. Mtaa ule tayari ulikuwa na wauza maandazi watatu, kila mmoja na watu wake, naye ni mgeni. Mwezi wa pili karai likaenda uvunguni. Majirani zetu walitawanyika Chanika, Kimara, Kigamboni, kila mtu alipopata chumba cha bei yake. Tulikuwa tukikutana misibani, na misiba haikuwa michache. Mzee aliyekuwa akituuzia kahawa alizikwa akiwa mpangaji kwenye nyumba ambayo sisi wote tulikuwa tunaiona kwa mara ya kwanza.

Huko ndiko tulikoanza kuitwa kwa hesabu: kaya 644. Ndiyo idadi iliyoandikwa ya tuliostahili kurudi. Ulikuwa ukimsikia mtu kwenye daladala akijitambulisha, "Mimi ni katika wale mia sita arobaini na nne," kama anataja kabila.

Kiwanja cha Kota kikakaa kitupu. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza Barabara ya Morogoro, nilikuwa nikifika Magomeni nageuza shingo kutazama majani. Oktoba mwaka huohuo Rais Magufuli alikuja pale akatamka kwamba nyumba zitajengwa, na wakazi wa zamani waishi bure miaka mitano, kisha wauziwe. Mama alitaka nimsomee habari hiyo gazetini mara mbili. Ujenzi ukafanywa na Wakala wa Majengo Tanzania. Magufuli mwenyewe hakuuona mwisho wake. Alifariki Machi 2021, na majengo yalizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 23 Machi 2022, nyumba 644 kamili.

Basi tukarudi, na hapo ndipo hesabu ilipogoma. Kaya iliyoondoka ikiwa moja ilirejea ikiwa tatu. Kwa takriban miaka kumi watoto walikuwa wameoa na kuolewa, wajukuu wamezaliwa, wengine waliotajwa kwenye orodha wako makaburini, na ufunguo ni mmoja. Kwetu tuko wawili tu, mimi na dada yangu, na bado tulinuniana miezi miwili. Najua ndugu ambao hawajasemezana hadi leo kwa ajili ya vyumba viwili. Viongozi wakija hutuuliza kuhusu maji na umeme. Hili la ndugu sijawahi kumsikia mtu akiliuliza.

Bafu liko ndani, choo kiko ndani, maji yanatoka ukutani. Siku ya kwanza mama alifungua bomba akafunga, akafungua tena, kisha akaniuliza nani atalipa. Siku ya pili alitoa mkeka akautandika ukumbini, mlango wazi. Ijumaa nilipotoka kazini nikakuta wanawake wanne wamekaa juu yake wanachambua mchele.

Kilichomshinda kwa muda ni biashara. Mkaa huwezi kuwasha ghorofani. Gesi aliiogopa, na alipoacha kuiogopa ikabaki bei yake. Halafu wateja wenyewe: kondakta hapandi ngazi kutafuta andazi. Akajaribu kushuka na ndoo alfajiri, akakaa nje pembeni ya lango. Wiki ya pili goti likakataa. Nikamwambia, mama, pumzika, sasa una nyumba nzuri. Akanitazama kwa muda. "Nyumba nzuri inanywewa chai gani?"

Aliyemwokoa ni binti wa dada yangu. Jengo letu lina grupu la WhatsApp la kukumbushana takataka na kugombana juu ya muziki. Usiku mmoja mtoto yule akaandika: maandazi ya moto, ghorofa ya tano, kuanzia saa kumi na mbili. Asubuhi yake nilifungua mlango nikakuta foleni ya watoto wenye sahani. Sasa mama hukanda unga kilo tatu, siku za sikukuu tano, na wajukuu hupeleka mlango kwa mlango. Wanaokopa ni wale wale wa zamani.

Mwaka jana jirani wa ghorofa ya saba alifariki. Lifti ilikuwa inafanya kazi, lakini vijana waliikataa. Walimshusha kwa ngazi, jeneza begani, wakipokezana kila kona, na kila ghorofa waliyofika watu walitoka milangoni wakaungana nao. Turubai lilikuwa limefungwa kwenye maegesho ya magari. Wenye magari waliyahamisha bila kuombwa.

Kitasa kile cha Kota kiko juu ya kabati jipya. Kando yake mama ameweka kopo la fedha za maandazi, ambalo haruhusu mtu kuligusa, kwani anahesabu. Miaka mitano tangu tarehe ile ya uzinduzi inatimia Machi 2027.