Mwaka Wetu wa Kwanza Ujerumani

Mtu akisikika kwamba anahamia Ulaya, majirani huanza kumhesabia mali kabla hajapanda ndege. Kina mama huagiza viatu, vijana huagiza simu, na wengine huomba watafutiwe kazi. Wachache sana huuliza swali ambalo kila mama anayeondoka hulala nalo: je, familia itakaporudi, itakuwa bado ni familia?

Sisi tuliondoka Moshi mwezi wa Septemba 2023. Mume wangu ni muuguzi, naye alikuwa amepata kazi katika hospitali moja ya Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, baada ya kusoma Kijerumani kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 14. Tulikwenda na watoto wawili, wa kiume wa miaka saba na wa kike wa miaka minne. Binti yetu mkubwa alikuwa kidato cha pili. Huyo alibaki kwa bibi yake ili asikatize masomo. Ndugu msomaji, hayo nayasema mapema, kwa sababu kila nilichokiona mwaka ule nilikiona kwa macho ya mama aliyeacha mtoto nyuma.

Karatasi kwanza, chai baadaye

Kwetu mgeni hupewa kiti na maji ya kunywa. Ujerumani mgeni hupewa fomu. Ukishahamia kwenye nyumba, sheria inakutaka ujiandikishe katika ofisi ya mji ndani ya wiki mbili. Bila karatasi hiyo, shughuli nyingi hukwama. Bima ya afya ni lazima kwa kila mtu. Mtoto akifika umri wa shule, shule si hiari ya mzazi. Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilitakiwa vitafsiriwe na mtafsiri anayetambuliwa na serikali, na mimi mwenyewe, kabla ya kupata viza, nilifanya mtihani wa Kijerumani wa hatua ya kwanza.

Nyumba ilitusumbua kuliko karatasi. Mwenye nyumba anaruhusiwa kudai dhamana inayofika kodi ya miezi mitatu, mbali na kodi yenyewe. Mmoja alizungumza nasi vizuri kwa simu, lakini tulipofika mlangoni akasema nyumba imekwisha kuchukuliwa. Wiki mbili baadaye tangazo lake lilikuwa bado linatolewa. Tuliumia, tukaendelea kutafuta, tukapata vyumba viwili ghorofa ya tatu.

Mimi na cheti changu cha ualimu tuliambiwa tusubiri. Nilianza masomo ya lugha, vipindi 600 vya Kijerumani na vipindi 100 vya sheria, historia na desturi za nchi. Alfajiri, kabla ya darasa, nilisafisha ofisi. Dada zangu, kazi ya mikono si aibu. Lakini mwalimu aliyezoea kuamkiwa na darasa zima, anaposukuma ndoo gizani bila kusalimiwa na mtu, anahitaji moyo.

Giza la Desemba

Baridi tulikuwa tumeambiwa. Giza hatukuambiwa. Mwezi wa Desemba kule Leipzig jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama yapata saa kumi jioni, na siku nyingi halionekani kabisa kwa mawingu. Watoto walikwenda shule gizani na kurudi gizani. Jumapili maduka karibu yote hufungwa, na kelele haziruhusiwi. Hakuna kutwanga, hakuna kupigilia msumari, hakuna muziki wa kusikika kwa jirani. Katika ukimya huo nilimpigia simu binti yangu, naye akanisimulia habari za shule na za mbuzi wa bibi. Nilipokata simu nilikaa jikoni peke yangu muda mrefu.

Aliyenitoa jikoni ni bibi mmoja wa ghorofa ya chini, mjane. Alibisha hodi kutuletea koti la mtoto lililokuwa la mjukuu wake. Kijerumani changu kilikuwa kidogo, lakini chai haihitaji sarufi. Baadaye alinipeleka kanisa la Nikolaikirche, katikati ya mji. Hapo, tangu mwaka 1982, watu walikuwa wakikutana kila Jumatatu kuombea amani, nchi ile ikiwa bado chini ya utawala wa kikomunisti. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana mjini wakiwa na mishumaa, na askari hawakufyatua risasi. Mwezi uliofuata ukuta wa Berlin ulifunguliwa. Bibi yule alikuwamo. Aliniambia kwamba mikono yake yote ilikuwa na kazi, mmoja umeshika mshumaa na mwingine unaukinga na upepo.

Nilimweleza kwamba kwetu Kilimanjaro jina la Leipzig si geni, kwa maana wamisionari wa kutoka mji huo walifika mlimani mwaka 1893. Alishangaa. Yeye alikuwa hajui kwamba mji wake una jamaa mbali hivyo.

Tembea uone

Majira ya kuchipua majani yalipofika, tulianza kutembea. Ujerumani ilikuwa imeanzisha, Mei 2023, tiketi ya mwezi kwa euro 49 ya kupanda mabasi, tramu na treni zote za kawaida nchi nzima, isipokuwa zile za mwendo kasi. Bei hiyo ilipanda hadi euro 58 Januari 2025. Kwa familia ya kipato chetu, tiketi hiyo ndiyo iliyotufungulia nchi. Tulibeba chapati na chai kwenye chupa, na watoto waliokota chupa tupu za plastiki, kwa kuwa nyingi zikirudishwa dukani mtu hulipwa senti 25 kwa kila moja.

Safari niliyoipenda ilikuwa ya Wittenberg na Torgau. Wengi huenda Wittenberg kwa ajili ya Martin Luther. Mimi nilikwenda kumtazama mkewe, Katharina von Bora. Mwanamke huyu alitoroka nyumba ya watawa mwaka 1523, akaolewa mwaka 1525, akazaa watoto sita. Jengo lile kubwa la watawa wa zamani waliloishi yeye ndiye aliyeliendesha. Alipangisha wanafunzi, alilima bustani, alifuga nguruwe na samaki, alipika pombe ya nyumbani, na wageni hawakukatika mezani. Mumewe alipofariki mwaka 1546, wosia ulimwachia yeye mali, lakini sheria za huko hazikuutambua jinsi ulivyoandikwa, mpaka mtawala alipoingilia kati. Wajane wa kwetu wataielewa habari hiyo bila mkalimani. Mwaka 1552, akikimbia tauni pamoja na watoto, alipata ajali ya mkokoteni na kufariki huko Torgau. Nilisimama kaburini pake nikiwaza kwamba kuhamahama na watoto hakukuanza na sisi.

Mwezi wa Mei tulikwenda Prague kwa basi, safari ya saa chache. Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani anaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180. Mpaka wenyewe hatukuuona. Tulijua tu kwamba tumeingia Ucheki pale pesa zilipobadilika kuwa koruna. Lakini ruhusa hiyo haifiki Uingereza, ambako ni lazima kuomba viza nyingine.

Mifupa ya Lindi

Fedha tulizoanza kuweka kwa ajili ya kuiona Paris, tuliamua zimlete binti yetu likizo ya Juni. Ilitakiwa barua ya udhamini, bima ya safari na ushahidi wa shule kwamba atarudi. Alipofika, mdogo wake wa kike alimwamkia kwa Kijerumani. Dada mtu alicheka, kisha akanyamaza. Usiku aliniuliza, "Mama, mkikaa miaka mingine, huyu ataongea na bibi kwa lugha gani?"

Tulimpeleka Berlin, kwenye jumba la makumbusho ya viumbe. Ukumbini amesimama mnyama wa kale, mifupa mitupu, kimo chake zaidi ya mita 13. Mifupa hiyo ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani. Mamia ya watu wetu waliichimba, na wapagazi wakaibeba kwa miguu, mwendo wa siku nne, hadi bandarini Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 wataalamu walimpa mnyama mwingine wa Tendaguru jina linalomkumbuka. Binti yangu alizunguka mifupa ile mara tatu. Akasema, "Huyu naye aliletwa Ulaya, na hakuulizwa."

Agosti 2024, akiwa amekwisha kurudi Moshi, sehemu ya barabara moja ya Berlin iliyojulikana kama Petersallee ilipewa jina la Maji-Maji-Allee, kukumbuka vita vya mwaka 1905 hadi 1907. Kabla ya hapo, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Steinmeier alikuwa amekwenda Songea na kuomba msamaha. Nilimtumia binti yetu picha ya kibao kipya. Akajibu kwamba ameionyesha darasani.

Tulichokubaliana

Baada ya likizo ile tulikaa, mume wangu na mimi. Yeye alikuwa anapendwa kazini na alitaka tukae miaka kumi. Mimi nilikuwa natamani kurudi kesho yake. Binti yetu alikuwa amesema wazi kwamba anataka kumaliza kidato cha nne nyumbani. Tulibishana siku tatu. Mwishowe tulikubaliana hivi: binti aachwe amalize, mimi nimalize lugha nitafute nafasi ya kufanya kazi na watoto, na kila Septemba tukae mezani, tujiulize upya, tubaki au turudi, wala swali hilo lisijibiwe na mmoja wetu peke yake. Na nyumbani mwetu, mlango ukishafungwa, ni Kiswahili tu. Anayetaka uji auombe kwa Kiswahili.

Kwa dada anayejiandaa kumfuata mumewe, nina maneno machache. Anza lugha ukiwa bado nyumbani. Beba vyeti vyako vya kazi, hata kama vitasubiri kabatini. Waeleze ndugu mapema kodi ni kiasi gani na mshahara ni kiasi gani, ili usije ukawa mtumwa wa matarajio yao. Usijifungie ndani wakati wa giza. Yuko mtu ghorofa ya chini ambaye naye yuko peke yake. Na kabla ya kupanga kuiona minara ya watu, hesabu kwanza nauli ya kumwona mtoto wako.